Sura ya Kumi na Moja: Nyungunyungu na Plastiki katika Udongo

Katika sura iliyopita tulijifunza aina za udongo: kichanga, mfinyanzi na tifutifu. Tuliona kwamba udongo wenye mboji nyingi huotesha mimea vizuri. Katika sura hii tutamchunguza mnyama mdogo anayesaidia kuutengeneza udongo huo. Kisha tutaona jinsi takataka za plastiki zinavyomfikia mnyama huyo huko chini aishiko, na kwa nini jambo hilo linatuhusu sisi pia.

1. Udongo mweusi wa jalalani

Mvua za masika zilikuwa zimekaribia. Wanafunzi wa Darasa la Tano wa shule moja walipewa kazi ya kutayarisha matuta ya mchicha na nyanya katika bustani ya shule. Samadi iliyokuwapo haikutosha matuta yote. Juma akatoa shauri.

"Mwalimu," alisema, "nyuma ya jiko kuna jalala la zamani. Udongo wake ni mweusi na laini. Tuuchukue tuutandaze bustanini. Hautatugharimu kitu."

Wanafunzi wengi walilipenda shauri hilo. Mwalimu hakulikubali wala hakulikataa. Alisema, "Mkulima mwema huupima udongo kabla ya kuutumia. Twendeni tukauchunguze kwanza."

Darasa liligawanywa katika vikundi viwili. Kila kikundi kilichimba shimo la mraba lenye upana wa sentimita 30 na kina cha sentimita 20. Kikundi cha kwanza kilichimba bustanini, karibu na migomba. Kikundi cha pili kilichimba jalalani. Udongo uliotolewa uliwekwa juu ya gunia, ukapekuliwa polepole kwa mikono.

Kikundi cha kwanza kilihesabu nyungunyungu 14. Hakikupata plastiki hata kipande kimoja. Kikundi cha pili kilihesabu nyungunyungu 5 tu. Lakini kilipata vipande vya mifuko, kifuniko cha chupa, nyuzi za gunia la nailoni, na vipande vidogo vingi vya rangi ya buluu na nyeupe ambavyo havikuhesabika.

"Basi plastiki imewaua nyungunyungu," alisema Juma kwa huzuni.

Asha alikuwa ameshika lenzi ya mkono. "Pengine," alijibu. "Lakini kule bustanini kuna kivuli cha migomba, na udongo humwagiwa maji kila siku. Hapa pana jua na majivu ya jikoni. Tutajuaje kwamba ni plastiki na si ukame au majivu?"

Mwalimu alifurahi sana. "Asha ameuliza swali la mwanasayansi," alisema. "Likumbukeni. Tutalijibu baada ya kumjua nyungunyungu mwenyewe."

2. Nyungunyungu ni mnyama gani?

Nyungunyungu ni mnyama asiye na mifupa. Mwili wake ni mrefu na mviringo kama kamba, nao umegawanyika katika pingili nyingi zilizo kama pete. Hana macho wala masikio, lakini ngozi yake hutambua mwanga na mtikisiko wa ardhi. Ukimmulika kwa tochi usiku, hurudi shimoni upesi.

Mchukue nyungunyungu mmoja, umweke juu ya karatasi kavu, kisha sikiliza kwa makini. Utasikia sauti ndogo ya kukwaruza. Sauti hiyo hutokana na vinyweleo vifupi na vigumu vilivyo katika pingili zake. Kwa vinyweleo hivyo nyungunyungu hushikilia ardhi anapotambaa. Ndiyo maana si rahisi kumvuta kutoka shimoni mwake. Usimweke karatasini kwa muda mrefu, maana ngozi yake itakauka.

Nyungunyungu hana mapafu. Huvuta hewa kwa ngozi yake yote. Ngozi hiyo ni lazima iwe na unyevu wakati wote. Ikikauka, hewa haiwezi kupenya, naye hufa. Kwa sababu hiyo nyungunyungu hukaa mahali penye unyevu, na wakati wa kiangazi wengi wao huenda chini zaidi.

Chakula chake ni majani makavu, mizizi iliyooza na mabaki mengine ya mimea. Nyungunyungu hana meno. Humeza chakula pamoja na udongo. Chakula hicho huingia kwanza katika mfuko wa kuhifadhia, kisha huingia katika firigisi. Firigisi ya nyungunyungu hufanya kazi kama ile ya kuku: misuli yake yenye nguvu hukisaga chakula kwa msaada wa chembe za mchanga zilizomezwa. Kisha chakula kilichosagwa hupita katika utumbo, na sehemu isiyotumika hutoka nje kama kinyesi.

Angalia jambo hili muhimu. Nyungunyungu hachagui chembe moja moja kama kuku anavyodonoa mtama. Humeza kwa pamoja vitu vidogo vilivyo mbele yake. Ikiwa udongo una kitu kigeni, kitu hicho nacho kinaweza kuingia tumboni mwake.

3. Kazi ya nyungunyungu katika udongo

Mwanasayansi wa Uingereza, Charles Darwin, alianza kuandika juu ya nyungunyungu mwaka 1837. Aliendelea kuwachunguza kwa miaka zaidi ya arobaini, na mwaka 1881 akatoa kitabu kizima juu yao. Alikadiria kwamba katika sehemu nyingi za Uingereza udongo zaidi ya tani 10 hupita matumboni mwa nyungunyungu katika kila ekari moja kwa mwaka mmoja. Mzigo huo ungetosha kujaza lori kubwa.

Kazi za nyungunyungu ni hizi:

(a) Huchimba vijia vingi ardhini. Hewa hupita katika vijia hivyo na kuifikia mizizi.

(b) Maji ya mvua huingia katika vijia hivyo badala ya kutiririka juu na kuuchukua udongo.

(c) Huyavuta majani makavu kutoka juu na kuyapeleka chini, ambako huoza na kuwa mboji.

(d) Kinyesi chake kina chumvichumvi ambazo mimea huzihitaji ili ikue.

Mkulima hulima kwa jembe mara moja au mbili kwa mwaka. Nyungunyungu hulima mchana na usiku, naye haombi mshahara. Wakulima wa zamani walijua kwamba udongo wenye nyungunyungu wengi ni udongo mzuri.

4. Plastiki haiozi kama jani

Tupa jani la mgomba shambani. Baada ya miezi michache halitaonekana tena. Ukungu na bakteria hulila, nalo hugeuka kuwa mboji. Tupa mfuko wa plastiki mahali hapo hapo. Baada ya mwaka mmoja mfuko huo bado upo.

Plastiki nyingi hutengenezwa viwandani kutokana na mafuta ya petroli na gesi inayochimbwa ardhini. Aina moja inayotumika sana huitwa polithini. Iligunduliwa Uingereza mwaka 1933. Hutumika kutengenezea mifuko, ndoo, madumu na karatasi za kufunikia mimea. Polithini ni nyepesi, haipitishi maji, na ni imara. Uimara huo ndio sifa yake, na ndio ubaya wake pia, kwa kuwa viumbe vinavyoozesha takataka haviwezi kuila kwa urahisi.

Hata hivyo plastiki haibaki nzima. Jua huifanya iwe kavu na yenye kuvunjika. Je, umewahi kuiona ndoo iliyoachwa juani kwa miaka mingi? Ukiigusa tu, humeguka. Kipande kikubwa huwa vipande viwili, viwili huwa vinne, na vinne huwa vinane. Plastiki haiishi, inazidi kuwa ndogo tu. Vipande vyenye ukubwa usiozidi milimita 5 huitwa mikroplastiki. Vingine ni vidogo hata havionekani bila hadubini.

Mikroplastiki huingia katika udongo kwa njia mbalimbali. Hutoka katika mifuko na chupa zilizotupwa. Hutoka katika karatasi za plastiki na magunia ya nailoni yanayotumiwa mashambani. Hutoka pia katika nguo zilizofumwa kwa nyuzi za plastiki: nguo hizo zinapofuliwa, nyuzi ndogo hukatika na kuondoka na maji machafu. Maji hayo yakimwagwa bustanini, nyuzi hubaki katika udongo.

Kwa muda mrefu wanasayansi walichunguza zaidi plastiki iliyo baharini. Mwaka 2004 Richard Thompson na wenzake wa Uingereza waliandika juu ya vipande vidogo vya plastiki walivyovipata katika mchanga wa pwani na katika maji ya bahari. Uchunguzi mwingi wa udongo wa nchi kavu ulikuja baadaye.

5. Jaribio la haki

Sasa turudi kwenye swali la Asha. Tutajuaje kwamba ni plastiki inayowadhuru nyungunyungu, na si kitu kingine?

Jalala na bustani vilitofautiana kwa mambo mengi: kivuli, maji, majivu, chakula na plastiki. Mambo mengi yakitofautiana kwa pamoja, hatuwezi kujua ni lipi lililoleta matokeo. Kwa hiyo mwanasayansi hufanya jaribio la haki. Huchukua vyombo viwili au zaidi vinavyofanana. Hutia udongo ule ule, maji kiasi kile kile, chakula kile kile na nyungunyungu wa idadi ile ile. Kisha hubadilisha jambo moja tu: chombo kimoja hakitiwi plastiki, na vingine hutiwa. Tofauti ikitokea, anaweza kusema imetokana na plastiki.

Yafuatayo ni majaribio matatu yaliyofanywa kwa njia hiyo.

*Jaribio la Uholanzi.* Mwaka 2016 Esperanza Huerta Lwanga na wenzake wa chuo kikuu cha Wageningen walitangaza matokeo ya jaribio lao. Waliwapa nyungunyungu majani makavu yaliyochanganywa na chembe ndogo sana za polithini. Chombo kimoja hakikuwa na plastiki. Katika vingine, kila gramu 100 za mchanganyiko zilikuwa na gramu 7, 28, 45 au 60 za plastiki. Baada ya siku 60, nyungunyungu waliopewa gramu 28 au zaidi walikuwa wamekufa kwa wingi kuliko wengine, na waliobaki walikua polepole. Waliopewa gramu 7 hawakuonyesha tofauti hiyo. Kumbuka kwamba viwango hivyo vya juu ni vikubwa kuliko plastiki iliyomo katika mashamba mengi. Jaribio hili linatuonyesha kwamba madhara hutegemea kiasi.

*Jaribio la Ujerumani.* Mwaka 2017 Matthias Rillig na wenzake wa mji wa Berlin walitandaza chembe za polithini juu ya udongo uliokuwa ndani ya vyombo. Vyombo vingine vilikuwa na nyungunyungu na vingine havikuwa nao. Baada ya siku 21 walichimba wakatazama. Palipokuwa na nyungunyungu, plastiki ilikuwa imeshuka chini, na chembe ndogo zaidi zilikuwa zimeshuka kuliko zile kubwa. Kumbe yule anayeyapeleka majani chini ili yawe mboji, huipeleka plastiki nayo. Hukokota nyingine katika ngozi yake yenye utelezi, na nyingine huimeza na kuitoa huko chini. Chini huko hakuna jua la kuivunja, nasi hatuwezi kuiokota.

*Jaribio la Uingereza.* Mwaka 2019 wanasayansi wa mji wa Cambridge waliwaweka nyungunyungu katika udongo uliotiwa plastiki ya aina inayotengenezewa chupa na madumu. Kiasi cha plastiki kilikuwa kidogo kuliko kile cha Uholanzi. Baada ya siku 30 nyungunyungu hao walikuwa wamepungua uzito kwa asilimia 3 hivi. Wale waliokaa katika udongo usio na plastiki walikuwa wameongezeka uzito kwa asilimia 5 hivi. Katika udongo uliotiwa nyuzi za nguo, mbegu za majani zilizoota zilikuwa chache kuliko kawaida.

Tazama sababu mojawapo ya kupungua huko. Plastiki hulijaza tumbo lakini haishibishi. Mtu akila sahani ya wali uliochanganywa na vipande vya karatasi, atasema ameshiba, lakini mwili wake haukupata chakula cha kutosha. Hali ya nyungunyungu ni kama hiyo. Tena chembe zenye kingo kali zinaweza kuukwaruza utumbo wake.

6. Kutoka udongoni hadi jikoni

Katika jimbo la Campeche, kusini-mashariki ya Meksiko, watu wengi hulima bustani ndogo nyuma ya nyumba zao na kufuga kuku humo humo, kama wafanyavyo watu wengi wa kwetu. Takataka za plastiki huchomwa au kufukiwa katika bustani hizo. Mwaka 2017 wanasayansi walitangaza matokeo ya uchunguzi wa bustani 10 za huko. Walihesabu vipande vya mikroplastiki katika kila gramu moja ya udongo, ya kinyesi cha nyungunyungu na ya kinyesi cha kuku. Wastani wa hesabu zao ulikuwa hivi:

Katika gramu 1 ya udongo: kipande 1 hivi.
Katika gramu 1 ya kinyesi cha nyungunyungu: vipande 15 hivi.
Katika gramu 1 ya kinyesi cha kuku: vipande 130 hivi.

Kwa nini idadi iliongezeka? Nyungunyungu anapomeza majani na plastiki, majani humeng'enywa na kuingia mwilini. Plastiki haimeng'enywi. Kwa hiyo kinachotoka kina plastiki nyingi kuliko kilichoingia. Ni kama kupepeta mpunga: pumba zikiondoka, mawe yaliyomo huonekana mengi. Kuku naye huwala nyungunyungu, na pia huidonoa plastiki yenyewe kutoka ardhini.

Wanasayansi hao walipata plastiki hata ndani ya firigisi za kuku. Huko Campeche watu hula firigisi, na kwetu pia firigisi huliwa. Katika nyumba nyingi huwekewa mzee wa nyumba kwa heshima. Basi firigisi na ioshwe vizuri na utando wake wa ndani uondolewe kabla ya kupikwa.

Mfuatano huu wa kula na kuliwa huitwa mnyororo wa chakula. Kitu kinachotupwa mwanzo wa mnyororo kinaweza kutokea mwisho wake.

7. Kazi ya kufanya

*Kazi ya kwanza: Kumtazama nyungunyungu akilima*

Vifaa: chupa ya kioo yenye mdomo mpana, udongo mweusi, mchanga, majani makavu, maji, karatasi nyeusi, nyungunyungu 3.

1. Tia udongo mweusi wenye unene wa sentimita 4, kisha mchanga wenye unene wa sentimita 2. Rudia mpaka chupa ikaribie kujaa.
2. Nyunyizia maji kidogo. Udongo uwe na unyevu, usiwe tope.
3. Weka nyungunyungu juu, kisha majani makavu.
4. Zungushia chupa karatasi nyeusi na uiweke kivulini. Usiizibe kabisa, nyungunyungu wanahitaji hewa.
5. Ondoa karatasi kila baada ya siku 3 na utazame. Chora unachokiona.
6. Baada ya wiki mbili warudishe nyungunyungu bustanini. Wanasayansi hawawatesi wanyama bila sababu.

Je, matabaka ya udongo na mchanga yamebaki kama yalivyokuwa? Majani yamekwenda wapi?

*Kazi ya pili: Kutafuta plastiki katika udongo*

Vifaa: bilauri mbili za kioo, maji, chumvi, kijiko, kitambaa cheupe cha pamba, lenzi ya mkono, udongo wa bustani na udongo wa jalalani.

1. Kausha udongo juani na uuvunjevunje.
2. Tia vijiko 3 vya udongo wa bustani katika bilauri ya kwanza, na vijiko 3 vya udongo wa jalalani katika bilauri ya pili.
3. Yeyusha vijiko 5 vya chumvi katika maji ya kujaza bilauri mbili. Mimina maji hayo katika bilauri zote mbili kwa kiasi kilicho sawa.
4. Koroga, kisha acha yatulie kwa saa moja.
5. Mimina maji ya juu polepole katika kitambaa. Tazama kwa lenzi vitu vilivyobaki juu ya kitambaa.

Mchanga huzama. Polithini huelea kwa kuwa ni nyepesi kuliko maji. Mizizi na majani makavu nayo huelea. Yatenganishe kwa kuangalia rangi na umbo. Kumbuka kwamba plastiki nyingine, kama ile ya chupa za maji ya kunywa, ni nzito nayo huzama. Kwa hiyo ukiona vipande 6, usiseme vipo 6 tu. Nawa mikono kwa sabuni baada ya kazi.

8. Uamuzi wa wanafunzi

Asha na wenzake walifanya kazi ya pili. Bilauri ya bustani ilitoa vijiti na mizizi tu. Bilauri ya jalala ilitoa pia vipande vyeupe, vya buluu, na nyuzi nyembamba kama nywele. Kisha walichukua kinyesi cha nyungunyungu kilichokuwa juu ya jalala wakafanya vivyo hivyo. Humo nako mlikuwa na vipande vya buluu.

"Tuuchekeche udongo kwa chekecheke," alisema Juma. "Plastiki itabaki juu."

Walijaribu. Vipande vikubwa vilibaki juu. Vidogo vilipita pamoja na udongo. Juma aliangalia mikono yake akanyamaza.

"Wanafunzi," alisema Mwalimu, "mashimo yetu mawili hayakutosha kuonyesha ni kitu gani kilichopunguza nyungunyungu jalalani. Lakini jambo moja tumeliona kwa macho yetu. Udongo huu una plastiki ambayo hatuwezi kuitoa. Tukiutandaza bustanini, tutaupeleka kwa nyungunyungu 14 mliowahesabu. Haitawezekana kuirudisha. Sasa amueni."

Wanafunzi walijadiliana kwa muda mrefu. Wengine walisema mvua haingoji, na matuta bila mbolea hayatazaa vizuri. Mwishoni Juma mwenyewe alisimama. "Mimi ndiye niliyetoa shauri," alisema. "Sasa naliondoa. Tupande matuta machache tuliyo na samadi ya kuyatosha. Matuta mengine tuyapande mwaka ujao kwa mboji yetu wenyewe."

Ikawa hivyo. Mwaka huo bustani ya shule ilikuwa na matuta 4 badala ya 9, na mchicha ulikuwa haba. Wanafunzi walichimba mashimo mawili mapya. La kwanza lilikuwa la maganda, majani na mabaki ya chakula tu, ili yawe mboji. La pili lilikuwa la plastiki na vitu visivyooza, nalo liliwekwa mfuniko ili upepo usivipeperushe. Plastiki haikuchomwa, kwa kuwa moshi wake hudhuru mapafu na majivu yake huuchafua udongo. Chupa nzima zilikusanywa na kupelekwa kwa wanunuzi wa plastiki kuukuu.

Nchi zetu nazo zimechukua hatua. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, Rwanda mwaka 2008, Kenya mwaka 2017, na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Sheria hizo huzuia mifuko mipya. Lakini plastiki iliyokwisha kuingia ardhini bado imo. Kila mmoja wetu na ahakikishe kwamba haiongezeki. Chukua kikapu unapokwenda sokoni. Usitupe karatasi ya peremende shambani. Tenganisha takataka zinazooza na zisizooza.

Mambo ya kukumbuka

1. Nyungunyungu huupa udongo hewa, maji na mboji.
2. Plastiki haiozi kama jani. Huvunjika ikawa vipande vidogo viitwavyo mikroplastiki.
3. Nyungunyungu humeza mikroplastiki pamoja na udongo na kuipeleka chini.
4. Majaribio yameonyesha kwamba plastiki inaweza kupunguza uzito wa nyungunyungu, na ikiwa nyingi sana inaweza kuwaua.
5. Katika jaribio la haki hubadilishwa jambo moja tu.

Maneno mapya

Firigisi: sehemu ya tumbo inayosaga chakula.
Jalala: mahali pa kutupia takataka.
Mboji: mabaki ya mimea na wanyama yaliyooza na kuchanganyika na udongo.
Mikroplastiki: vipande vya plastiki vyenye ukubwa usiozidi milimita 5.
Mnyororo wa chakula: mfuatano wa viumbe vinavyolana.
Pingili: sehemu za mwili zilizofuatana kama pete.

Maswali

1. Nyungunyungu huvuta hewa kwa kutumia nini? Kwa nini hufa akiachwa juani?
2. Taja kazi tatu za nyungunyungu katika udongo.
3. Kwa nini Asha hakukubali upesi kwamba plastiki ndiyo iliyowaua nyungunyungu wa jalalani? Taja mambo mawili mengine yaliyotofautiana.
4. Vyombo viwili vina nyungunyungu wenye uzito wa gramu 100 kila kimoja. Katika cha kwanza uzito umepungua kwa asilimia 3. Katika cha pili umeongezeka kwa asilimia 5. Je, sasa tofauti ya uzito wao ni gramu ngapi?
5. Eleza kwa nini kinyesi cha nyungunyungu kilikuwa na plastiki nyingi kuliko udongo katika bustani za Campeche.
6. Chora mnyororo wa chakula unaoanza na jani kavu na kuishia kwa binadamu. Onyesha mahali ambapo plastiki inaweza kuingia.
7. Je, ungekuwa mmoja wa wanafunzi hao, ungeamua kama wao? Toa sababu zako.
8. Pamoja na wenzako, chunguzeni jalala la shule yenu au la jirani. Andikeni orodha ya vitu vinavyooza na visivyooza. Jadilianeni na mwalimu wenu namna ya kuvitenganisha.